Mkoba wa Sketi za Akiba

Ti… ti… ti. Mpaka leo fundi akisikia maji yakidondoka sakafuni, moyo humpaa. Ndivyo mkojo ulivyokuwa ukidondoka chini ya dawati siku ya kwanza alipokwenda kumchukua binti shuleni. Wenzake walikwisha kutoka. Mtoto wa miaka saba kajiinamia, na sketi ya kijani, kazi ya mikono ya fundi, imegeuka nyeusi.

Alikuwa fundi cherehani wa sare. Nusu ya watoto wa mtaa walisimama mbele yake kupimwa kiuno, kisha wakarudi kwa mama zao. Alipotimiza miaka arobaini na mitatu akaomba naye apewe wa kubaki. Afisa wa ustawi wa jamii akamletea binti huyu, akae naye miezi sita. Baada ya hapo ndipo hakimu angeamua kama ni wake. Miezi mitano ilikwisha kupita, na kila sketi iliyolowa ilimkata maini. Watasema sijui kulea, aliwaza. Watamchukua.

Daktari alipima, hakuona ugonjwa. "Anywe maji kama kawaida, aende chooni kila baada ya saa mbili, na asigombezwe."

Fundi akayashika yote, akaongeza na lake. Kila asubuhi, binti akimtazama, alipanga mkobani sketi mbili, chupi tatu, soksi na taulo. Kadiri alivyopanga, ndivyo mtoto alivyozidi kulowa.

"Fundi," jirani yake mshona viatu alimtania, "kamba yako ya kuanikia ina sketi nyingi kuliko shule nzima!"

Akacheka kwa meno tu.

Kisha mwalimu akamvuta pembeni. "Mama, hatoki. Nikimwambia aende chooni anaukumbatia ule mkoba, anatikisa kichwa. Hata mapumziko hukaa hapo hapo."

Jioni ile fundi alichuchumaa mbele ya binti. "Chooni kuna nini, mama?"

"Hakuna kitu."

"Mbona huendi?"

Binti alivuta uzi kwenye pindo mpaka ukakatika. "Mama wa kabla yako alinipangia nguo. Tukaenda ofisi ya ustawi. Nikaomba kwenda chooni. Nilipotoka, mkoba upo, yeye hayupo." Akautazama mkoba. "Na wewe unapanga kila siku."

Fundi akaketi sakafuni. Wiki zote hizo alidhani anamfungia mtoto akiba, kumbe alikuwa anamtisha kila kunapokucha. Akaumwaga mkoba kitandani, akazirudisha sketi kabatini moja moja, binti akitazama. Za akiba akampelekea mwalimu, azifungie kwenye kabati lake.

Siku tano zikapita, tatu kati ya hizo kavu. Siku ya sita, mchana, gari likasimama mlangoni. Afisa akashuka na faili lake.

Binti aliliona gari. Akabana mapaja, rangi ikamtoka.

"Nenda chooni, mwanangu."

"Siendi."

"Twende wote."

"Fundi, tuanze?" afisa aliuliza, keshafungua kalamu. "Nina nyumba nyingine mbili za kutembelea."

Fundi alitazama ile kalamu. Angeweza kuketi, kukaribisha, kujibu vizuri, asionekane mlezi wa mtoto wa miaka saba asiyekwenda chooni peke yake.

"Subiri kidogo, bwana," akasema, akamshika binti mkono, akamwacha mgeni na faili lake.

Binti akaingia. Fundi akasimama nje, bega kwenye mlango wa bati. Nyuma yake alisikia viatu vya afisa vikikaribia, vikasimama. Ndani halikusikika hata tone.

"Upo?" binti aliuliza kutoka ndani.

"Nipo."

"Na gari?"

"Lipo pia."

Fundi akainama, akaleta mdomo kwenye ufa wa mlango.

"Usiharakishe," alinong'ona. "Hata mimi naogopa. Siondoki."