Anzisha Hakai Kimya

Saa moja kasoro asubuhi, chumba cha kufulia cha hospitali kimeshajaa mvuke. Mashine moja ni mbovu tangu mwaka jana, kwa hiyo mama mmoja wa makamo amezamisha mikono ndani ya beseni la mashuka ya wodi ya wazazi. Anaimba. Sauti inatoka dirishani hadi kwa wagonjwa wanaoota jua.

Wenzake humwita Anzisha, maana kanisani kwao yeye ndiye aliyekuwa akianzisha nyimbo. Mumewe, fundi seremala, alifariki mapema mwaka huu, na wiki hii viongozi wa kwaya wamemwomba akae benchi la nyuma mpaka mwaka wa msiba uishe. Furaha yake, walisema, inawakwaza watu.

"Kina nani hao? Mungu hajalalamika," anasema, akikamua shuka. "Nimelia, muulizeni mto wangu. Lakini asubuhi naiambia huzuni, leo hunipati bure. Nitaimba mpaka uone aibu."

Mmoja wa waliokwazika yuko naye humu humu. Ni wifi yake, dada wa marehemu, mwanakwaya wa mstari wa mbele. Shuka kubwa halikunjwi na mtu mmoja, hivyo kila siku wawili hawa hushika ncha, wakasogeleana, wakaachana, hata wakiwa wamenuniana.

"Wifi, ndiyo umeshamsahau kaka yangu?"

"Nimsahau vipi? Hata kukoroma kwake nakukumbuka. Vuta huko, unalegeza."

Wifi anavuta. Kisha anaibeba yeye ndoo nzito ya maji, maana anajua mgongo wa mwenzake unauma.

Juu ya marundo yaliyokunjwa, Anzisha huweka shuka moja lililo laini kuliko yote. Wauguzi wanalijua. Ni la mama aliyejifungua akampoteza mtoto, na Anzisha hulipeleka mwenyewe.

"Pale siimbi," anasema. "Natandika, nakaa. Akitaka kulia, tunalia. Nikirudi kwenye beseni naanza upya. Kufua ni ibada yangu, na ibada ya kununa siijui. Hata mume wangu alinioa nikiimba."

Jumapili inakaribia. Je, atatii na kukaa nyuma?

"Nitakaa," anajibu, akimkabili wifi yake, shuka likiwa limetanda kati yao. "Wamesema nikae nyuma, hakuna aliyesema ninyamaze. Nitaanzishia huko huko nyuma. Wa mbele wageuze shingo."

Wifi anabana midomo. Kicheko kinamshinda, kinamtoka pamoja na machozi, anayafuta kwa pindo la shuka safi.

"Utalifua tena hilo," Anzisha anamwambia.

"Nitalifua. Ila Jumapili usianzie juu kama kawaida yako, wifi. Sisi wa mbele tutakuitikia kwa koo gani?"