Paji la Uso na Ufunguo wa Choo

Kiwandani tulimwita Mama Kola, maana kola za mashati yote zilipita mikononi mwake. Kwangu mimi ni shangazi, na cherehani zetu zilikaa ubavu kwa ubavu.

Viungo vya vidole vilipoanza kumvimba, hospitali walimpa vidonge vya steroidi. Vidole vikanyooka, akashona tena. Lakini uso nao ukajaa, ukawa wa mviringo, na msimamizi wetu akapata la kuchekea.

"Mama Kola, umenawiri! Nani anakulisha?"

Shangazi alicheka naye. Mimi sikucheka.

Msimamizi huyo alikuwa na kipimo chake cha ugonjwa: kiganja. Ukisema unaumwa, anakubandika mkono kwenye paji la uso. Una joto, nenda nyumbani. Huna, rudi kwenye cherehani. Ufunguo wa choo aliuvaa shingoni kwa kamba, na kuuomba mara kwa mara kulikuwa kujitafutia matusi. Kwa hiyo maji hatukunywa. Wanawake wazima, mama za watu, tunabana mkojo kama watoto wa chekechea!

Shangazi akaanza kuumwa kiuno, na mkojo ukawa unamchoma. Akamwendea msimamizi. Mkono ukapanda kwenye paji.

"Mbona baridi tu? Acha kudeka, mama."

Akarudi kushona. Wiki haikuisha, akaanguka juu ya rundo la kola.

"Bakteria wametoka kwenye mkojo, wameingia kwenye damu," daktari alituambia. "Steroidi zinapunguza kinga ya mwili, tena zinaficha homa. Kumsubiri mtu kama huyu apate joto ni kumsubiri afe."

Kiganja cha mtu, hicho ndicho kilichotaka kuniulia shangazi! Siku kadhaa hatukujua kama ataamka.

Alipofumbua macho, msimamizi akaja, mchana wa kazi, na machungwa kwenye mfuko. Akasimama kando ya kitanda, akanyoosha mkono, akaugusa uso wa shangazi palepale pa siku zote.

"Afadhali, hana joto."

Nikausukuma ule mkono. Nilikuwa na maneno ya kumpa, tena mazito, lakini shangazi alinitangulia. Alikuwa akiitazama ile kamba shingoni mwake.

"Bwana mkubwa, umekuja na ufunguo?"

Msimamizi akajishika kifuani, ufunguo ulipokuwa unaning'inia.

"Wenzangu wako kazini tangu asubuhi," shangazi akasema. "Nani kawafungulia?"