Mipira Mia Mbili kwa Siku

Mie ile picha nimeifuta vumbi miaka kumi na mitatu. Imetundikwa sebuleni kwetu hapa Kingsbury, juu ya televisheni, na mgeni akiingia, hata koti hajavua, nishamwambia: huyo ni mume wangu Talib, alipokuwa akicheza besiboli Japani kwa mshahara. Mgeni huangalia. Humwona kijana mwembamba wa Kipemba, kofia imemkaa upande, mgongo kaugeuza nusu ili namba isomeke: 113. Nami humalizia, "Na namba yenyewe unaiona ilivyo kubwa." Maana nilidhani ukubwa wa namba ndio ukubwa wa mtu. Hakuna aliyenisahihisha. Talib mwenyewe, nikifika hapo, huinuka akaenda kuteleka chai.

Talib ni mtoto wa Wete, Pemba. Utotoni alikuwa na sifa moja tu, shabaha. Ukimwonesha shada la mashokishoki juu kabisa ya mti, analiangusha kwa jiwe moja, na wenziwe wamesimama chini na kanga ya mama yao wakilidaka. Akiwa skuli akaja mwalimu wa Kijapani kufundisha mazoezi ya viungo, kaja na begi la glavu na mipira midogo migumu. Akauona ule mkono, basi tena. Talib alipotimia miaka ishirini na miwili, yule mwalimu akamwandikia rafiki yake kwenye timu moja ya kwao, na kijana akapelekwa. Akakaa misimu minne.

Kwa asiyeujua mchezo: mrushaji anarusha mpira, na mpigaji kashika gongo la mbao anataka kuupiga upotelee mbali. Kazi ya mrushaji ni kumnyima. Na Wete nzima inajua kwamba Talib aliwanyima Wajapani miaka minne mfululizo. Habari hizo mie nilizipata hapa hapa London, nilikoletwa na wazee wangu mwaka 2001 nikiwa bado mtoto, maana habari za Wete hufika hapa kabla ya basi namba 183. Tulipooana, 2012, nilikuwa najua naolewa na nani. Kumpenda nilimpenda kwa mengine, sikatai. Lakini kujisifu nilijisifu kwa ile picha.

Mwaka uliofuata akaja huku. Sasa anasukuma vitanda vya wagonjwa hospitali, na mie niko mapokezi kwa daktari wa meno. Tuna mtoto mmoja, Ummukulthum, Ummu, miaka kumi na miwili. Kiswahili anakielewa chote, hata ninapomsema na shoga yangu kwenye simu, lakini hujibu kwa Kizungu. Nimechoka kugombana naye kwa hilo, kwa hiyo maneno yake hapa nayaleta kwa lugha yetu.

Ummu kaingia timu ya besiboli ya wasichana, pale kwenye bustani nyuma ya maduka ya Wahindi. Kaingia kwa sababu ya ile picha, wala hafichi. Mwalimu wao ni Anjali, binti wa mwenye duka la vitambaa, ambaye mama yake alizaliwa Mwanza. Mwezi wa Machi mpira ukampiga Ummu kwenye taya. Hakuvunjika kitu, alhamdulillahi, lakini tangu siku ile mpira ukija anafumba macho na kurudi nyuma. Na Anjali alikuwa achague wasichana kumi na wawili wa mechi za kiangazi, Jumamosi moja ya mwezi wa Mei. Jumanne ya wiki hiyo Ummu akaniambia haendi.

"Mtoto wa mia na kumi na tatu asichaguliwe?" akasema. "Watacheka. Bora nisiende."

Nikamwambia baba yake amfundishe. Talib akashika bega, kama anavyolishika kila akiombwa hilo. "Bega hili, Mama Ummu." Miaka yote nikilionea huruma lile bega.

Basi mie na mdomo wangu nikaona nitafute dawa. Nikaiandikia ile timu ya Japani, simu ikanitafsiria. Nikawaomba salamu za barua kwa binti wa mchezaji wao wa zamani, na wanitajie baba yake aliwashinda wapigaji wangapi. Nilitaka nimsomee Ummu Ijumaa, roho imrudi, aende Jumamosi.

Jibu likaingia Ijumaa mchana, niko kazini. Barua ya adabu mpaka inakera. Walisema wanamkumbuka sana Bwana Talib. Ila hakupata kusajiliwa kuwa mchezaji wa mechi. Kwa misimu minne alikuwa mrushaji wa mazoezi, akiwarushia wapigaji wao mipira ili waipige. Namba za kuanzia mia moja ni za wafanyakazi wa kazi hizo. Walifurahi kusikia ana binti.

Nilisoma mara tatu. Halafu nikampa mgonjwa miadi ya kung'oa jino kwa tarehe iliyokwisha pita.

Nilifika nyumbani nimejaa. Talib katoka zamu ya asubuhi, yuko jikoni anamenya muhogo. Nikaiweka simu mbele yake.

"Baba Ummu, hebu nisomee hii."

Akasoma. Akakiweka kisu chini, akasoma tena, akakaa.

"Miaka kumi na mitatu nafuta vumbi," nikamwambia. "Nimewatangazia watu harusini, maulidini, kituo cha basi. Hukuona siku moja ya kuniambia, Haifa, funga mdomo?"

"Ulikuwa ukifurahi."

"Usinitie mie."

Akaeleza. Mwezi wa kwanza kule, mama yake alimpigia simu akamuuliza swali moja tu: umewashinda? Na yeye kijana, yuko ugenini peke yake, akasema, nimewashinda. Jioni ile ile Wete nzima ikawa na habari. Kila akitaka kulirudisha lile neno, anakuta watu wameshalisherehekea.

"Na kazi yenyewe ilikuwaje?" nikauliza. Niliuliza kwa hasira, si kwa kutaka kujua. Lakini yeye akajibu, na alipoanza hakusita, na sura yake ikabadilika mbele ya macho yangu.

Akasema saa moja za asubuhi yuko uwanjani, theluji imesukumwa pembeni, pumzi inatoka moshi. Kando yake kikapu cha mipira. Mia mbili kwa siku, na kila mmoja upite pale mpigaji alipoomba, kwa mwendo ule ule. Ukirusha mkali, umemharibia. Ukirusha mbovu, umemharibia. Mkono unanuka ngozi na mafuta ya glavu mpaka kwenye wali. Kulikuwa na mpigaji mmoja mtu mzima, yuko mwishoni mwa kazi yake, aliyewahi kupigwa na mpira usoni akaingiwa na woga. Huyo alikuwa hamtaki mwingine ila Talib. Na Talib akamfanyia hivi: kila mpira, kabla haujamtoka mkononi, anamtajia pa kupita. Wa kiunoni. Wa ndani. Mpaka woga ukamtoka yule mzee. Jioni kwenye mechi Talib hukaa nyuma ya wavu, na mzee akiupiga mpira, yeye anajua, ule ndio niliompa asubuhi.

"Na mazoezi yakisha," akasema, "mpigaji huvua kofia, akainamisha kichwa, akakushukuru kwa kumrushia. Mtu tajiri, picha zake ziko kwenye mabasi, ananivulia kofia mie. Sikupata kufurahi vile tena, Mama Ummu. Uniwie radhi, hata siku ya harusi yetu."

La harusi nimemwekea kiporo. Lakini hasira ilikuwa imeshanipungua, na ikaniudhi kwamba imepungua. Mume wangu nimekaa naye miaka yote hii, na kitu alichokipenda kuliko vyote duniani nilikuwa sijapata kukisikia, kwa sababu nilikuwa nikikisimulia mimi.

"Yule mpigaji mwoga," nikamwambia, "unaye mwengine yuko chumbani hapo juu. Na ukajificha nyuma ya bega."

"Nikimrushia tu, ataona. Mrushaji wa mechi harushi hivi, kumpa mtu apige. Ataniuliza."

"Basi kesho mwambie mwenyewe."

"Nikimwambia, hatonitazama tena vile anavyonitazama."

"Ndiye unayemwogopa? Mtoto wa miaka kumi na miwili?"

"Yeye tu," akasema. Na macho yalikuwa yamemjaa.

Jumamosi tukamtoa Ummu kwa hila, nikamwambia tunakwenda kutembea. Alipoliona begi la baba yake akanuna njia nzima. Majani bado yana umande, Anjali keshafika, anatandika uwanja. Akatupa ndoo ya mipira bila ya kuuliza.

Talib alimwambia mwanawe wamesimama wima, glavu kaishika kwa mikono miwili kama mtu aliyeitwa ofisini. Alimwambia yote, kwa Kiswahili, bila ya kujipendelea. Ummu akanigeukia mie.

"Ulijua?"

"Tangu jana."

Akamrudia baba yake. "Kwa hiyo kazi yako ilikuwa kupigwa."

"Ndiyo. Mipira mia mbili kwa siku."

"Na ukaniacha nikawaambia watu wote."

"Ndiyo."

Ummu akaenda zake mpaka kwenye uzio, akasimama ametupa mgongo. Nilitaka kumfuata, Talib akanishika mkono. Naapa sijapata kumwona mtu amesimama vile, kama anasubiri majibu ya daktari. Tukangoja. Anjali naye akajifanya anahesabu koni.

Aliporudi alikuwa kavaa kofia ngumu juu ya hijabu, gongo mkononi. Hakumtazama.

"Yule mzee," akasema. "Woga ulimtoka kweli?"

"Ulimtoka."

"Siku ngapi?"

"Siku nyingi. Wewe tunayo saa moja na nusu."

Akaenda kusimama mahali pake. Talib akarudi nyuma, akachukua mpira. "Kiunoni, nje kidogo," akasema, na mpira ukapita kiunoni, nje kidogo. Ummu kafumba macho. "Huo huo tena." Ukapita hapo hapo. "Huo huo." Lile bega, kumbe, halina kitu. Mkono unakwenda na kurudi bila ya haraka, na mie niliyemwona mtu huyu akifunga mlango, akiendesha gari, akibeba mtoto, nilikuwa sijaona akifanya jambo kwa raha namna ile. Mpira wa kumi na mbili Ummu akafumbua jicho. Wa ishirini hakurudi nyuma. Wa thelathini na ngapi sijui akaugonga, ukapita karibu na sikio la baba yake, na baba yake akacheka peke yake.

Anjali alikuwa kasimama akitazama. Wenzake Ummu walipokwisha kufika akamwendea. "Anko Talib, unaweza kuwarushia wote? Nataka kuona kila mmoja akipiga mpira mzuri."

Walikuwa wasichana ishirini, mipira kumi kila mmoja. Ilipofika zamu ya Ummu nikamsogelea Talib nikamnong'oneza ampe laini kidogo. Akanitazama kama niliyemwambia akaibe. Akamrushia mwanawe ule ule aliowarushia wenziwe, na Ummu akapiga minne katika kumi. Wengine walipiga sita, wengine saba, wengine miwili.

Anjali akasoma majina. La kwanza si yeye, la tano si yeye, la tisa si yeye. Nikaanza kutunga maneno ya kumwambia njiani. Jina la Ummukulthum lilikuwa la kumi na moja.

Wasichana wakarukiana kama kawaida yao, wakampigia makelele aende. Ummu hakwenda. Talib alikuwa katikati ya uwanja kainama, anaokota mipira kuirudisha ndooni, na nadhani alikuwa hathubutu kuinua kichwa. Mtoto akavuka uwanja mzima, akasimama mbele yake, akaivua ile kofia ngumu na kuinamisha kichwa. Akasema, Kiswahili kitupu, hakikuchanganyika na kitu, "Ahsante kwa kunirushia, baba."

Talib alilia pale pale, mpira mkononi, mbele ya wasichana ishirini na wazazi wao, na hakujifuta.

Picha bado iko juu ya televisheni. Mgeni akija namwambia huyo ni mume wangu, alikuwa akiwarushia Wajapani mipira mia mbili kwa siku ili waipige, muulize mwenyewe. Naye hukaa akasimulia, theluji, kikapu na yule mzee, mpaka mgeni akachelewa basi. Chai siku hizi nateleka mie.