Bibi Arusi Asiyetazama Nyuma

Nilienda Kona Baridi kwa sababu ya mdogo wa Sein. Sein alikuwa jirani yangu Kitengela, akiuza shanga mkabala na cherehani yangu, na alikuwa ameziona picha nilizopiga kwenye harusi za kanisani. Nasieku, mdogo wake, alikuwa anaolewa. "Mama Mutheu, ni wewe utapiga," akaniambia, na mimi nikakubali kabla hajamaliza. Ilikuwa mwishoni mwa miaka ya tisini. Nilikuwa na kamera ya mtumba, lenzi mbili, moja pana na nyingine ndefu, na kiburi cha kuzitosha zote.

Fundi wa studio aliyeniuzia kamera alinipa siri moja: usimmulike mtu usoni, elekeza flashi kwenye dari, mwanga urudi chini taratibu. Katika ukumbi wa kanisa letu, wenye dari nyeupe, siri hiyo ilinijengea jina. Watu walitokea laini, kama waliolala wakashiba usingizi.

Alfajiri tuliondoka kwa pikapu ya mjomba wao, kamera mapajani mwangu. Tulipofika Kisaju ukungu ulikuwa umelala chini, na ng'ombe walionekana migongo tu, ikielea. Nilipumua polepole, niliogopa wataondoka. Isinya tukakata kulia kuelekea Kiserian, vumbi likaanza, nami nikasinzia nikiota Nasieku, msichana ambaye sikuwa nimemwona bado, akinitazama kupitia lenzi na kutabasamu.

Kona Baridi tulishuka kunyoosha miguu. Upepo wa pale haubishi hodi. Chini yetu bonde lilikuwa la rangi ya maziwa yaliyotiwa chai kidogo, halina mwisho, na kwa muda nilisahau kilichonileta. Sein ndiye aliyenivuta mkono turudi garini.

Nyumbani kwao, chini kidogo ya mteremko, mama yao alitoka kutupokea.

"Takwenya, yieyo," nikamwamkia kwa kumwita mama, kama Sein alivyonifundisha njiani.

"Iko!" akaitikia, akacheka Kimaasai changu. Kisha akanishika mkono na hakuuachilia. "Mama, sikiza. Huyu ndio mtoto yangu ya mwisho. Leo anaenda mbali, huko Ewuaso, na mimi nitabaki hapa. Wewe piga uso yake. Nitabaki na hiyo."

"Nitapiga, yieyo," nikasema. Niliahidi kwa urahisi mno.

Ndani ya nyumba kulikuwa na giza la moshi na harufu ya mafuta. Nasieku alikuwa amenyolewa, amepakwa rangi nyekundu, shanga zimempanda hadi kidevuni, na wanawake walikuwa wakimtia nyasi ndani ya viatu ili aende kwa amani. Alikuwa mzuri hadi nikatamani kuketi tu nimwangalie. Nikafunga lenzi pana kwenye kamera, nikaelekeza flashi juu, nikapiga, nikapiga tena. Kila mara ikiwaka, watoto walishangilia. Juu kwenye dari sikutazama hata mara moja.

Saa ya kutoka ilipofika, betri za flashi zilikuwa zimechoka. Nikawa nahangaika nazo huku wanawake wakipita mbele yangu, na nilipotoka nje Nasieku alishafika langoni. Wazee walikuwa wakimnyunyizia maziwa na kumbariki. Nikataka kukimbia nimpite ili nimkabili.

"Haraka haraka haina baraka," Sein akaninong'oneza, "na baraka yenyewe ndio hiyo umetaka kukanyaga."

Basi nikangoja. Wazee wakamaliza, Nasieku akaanza kutembea polepole kuelekea mti wa mgunga ambapo njia inapinda. Nikafanya kile mpiga picha yeyote wa Kitengela hufanya: nikafungua mdomo nimwite, ageuke. Sein akanibana mkono hadi nikaumia.

"Usimwite! Akitoka kwao haangalii nyuma. Akiangalia, ameharibu kila kitu."

Nikafunga mdomo. Mama yake alikuwa amesimama kando yangu, hapungi mkono. Nikatoa flashi, nikafunga lenzi ndefu, nikapiga picha ya mwisho ya filamu bila kutarajia kitu. Njia nzima ya kurudi nililala, na safari hii sikuota.

Siku filamu ilipooshwa, nilisimama mlangoni mwa studio nikazipekua picha moja moja. Dari ya nyumba ile ilikuwa nyeusi kwa masizi ya miaka, imemeza mwanga wangu wote. Picha baada ya picha ilikuwa giza, na ndani yake shanga chache zikimetameta. Uso haukuwepo. Iliyotoka ni moja tu, ile ya mwisho: mgongo wa Nasieku, vumbi jepesi miguuni, na mgunga mbele yake. Kuuliza si ujinga, lakini mimi sikuwa nimeuliza habari za dari wala za bibi arusi. Sasa naingia nyumba ya watu macho yakiwa juu kwanza, halafu nauliza yasiyofaa kufanywa kabla sijauliza yanayofaa.

Nilirudi Kona Baridi na picha hiyo moja ndani ya bahasha, na maneno ya kuomba radhi niliyoyapanga tangu Kisaju. Upepo ulikuwa uleule. Mama alinikaribisha chai, akaitoa picha, akaigeuza kuelekea mlangoni apate mwanga.

"Yieyo, uso haukutoka," nikasema. "Nisamehe."

Akaitazama, kisha akaweka kidole katikati ya binti yake na ule mti.

"Hapa hajafika kwa mti," akasema. "Hapa nikiita, bado anasikia."