Namba Isiyorudi

Seva ya kiwanda cha sukari, hapa Awendo, tuliigawa sehemu sehemu. Sehemu iliyoendesha mizani ya miwa ilifikia diski zake kupitia adapta pepe ya faiba, kiungo cha programu tu chenye namba yake, na diski hazikubali namba nyingine. Asubuhi moja adapta ikasumbua. Bosi akasema, “Futa, unda nyingine.”

“Ukifuta, namba hairudi, mkubwa.”

Akanisukuma kando, akafuta mwenyewe. Mizani ikakwama. Malori yakajaa hadi barabarani, miwa ikikauka juani. Bosi akajifungia ofisini, akanituma nikawaambie wakulima kwamba kosa ni langu. Nilitoka nikawaonyesha dirisha lake. Kisha nikamwambia askari wa geti, aliyekuwa amewazuia nje, aende akanywe chai.