Anasikia Vitu Kichwani

Nimesoma hadi darasa la nne tu, na sioni haya kuliandika hilo. Ofisi ninayofanyia kazi hapa ughaibuni, mjini Buffalo, imejaa watu wenye vyeti ukutani, na wakikwama wananiita mimi. Kazi yangu ni kukaa na watu wetu waliotoka Kivu, wale wenye wasiwasi, wasiolala, wanaotetemeka ndani ya basi, nikiongea nao hadi pumzi irudi.

Ugonjwa wenyewe sikuusoma, uliniangusha. Nilipokuwa mji wa Louisville, nikifunga maboksi ghalani, kengele ya mapumziko ililia siku moja nikajikuta sakafuni, moyo unakimbia, vidole vimekufa ganzi. Hospitali wakapima wakasema moyo ni mzima, wakanirudisha nyumbani. Hakuna aliyeniuliza naogopa nini. Nilikuwa naogopa kila kitu: barua ya serikali yenye kidirisha, simu ya shule, mlango ukigongwa. Nikahamia Columbus, upande wa Reynoldsburg, na huko mama mmoja mshauri akanifundisha kukanyaga sakafu kwa nyayo zote mbili, kutoa pumzi polepole kuliko ninavyoivuta, na kutaja kwa sauti vitu ninavyoviona. Kiti. Sufuria. Kiatu cha mtoto. Niliona ni upuuzi. Upuuzi huo ukanisaidia, nikaanza kuwafundisha wengine, hadi Buffalo wakaniajiri.

Bon. Sasa niseme kinachonikasirisha.

Mama mmoja wa mtaa wa Riverside hapa mjini, anayeogesha na kulisha wazee kule Kenmore, alikuja kwangu akiwa hali wala halali. Ameniruhusu nieleze. Nikamwambia aende kwa daktari kwanza, apimwe damu.

"Nitamwambia nini, mama?"

"Mwambie vile unasikia. Usifiche kitu."

Sikumsindikiza. Nilikuwa na watu wengine siku ile, nikaona anatosha peke yake. Hilo ni kosa langu na sitamtwika mtu.

Akaenda, akasema kama nilivyomwambia: "Minasikia vitu vinatembea mu kichwa." Mtu yeyote wa Kivu anaelewa hapo. Ni wasiwasi, ni kama wadudu wanatambaa ndani ya fuvu. Sisi tunasikia baridi, tunasikia njaa, tunasikia uchungu, na sikio halina kazi hapo. Lakini mkalimani alikuwa kwenye simu, mtu wa Kiswahili cha mbali na chetu, na hakuuliza mara ya pili. Daktari akaandika kwamba mgonjwa anasikia sauti kichwani.

Akapewa vidonge vya watu waliopotewa na akili. Wiki mbili alitembea kama gunia la mchanga, mate yanamtoka. Na kwa kuwa alikosa siku kazini, akapeleka karatasi ya daktari, bila kujua imeandikwa nini. Msimamizi akaisoma, akamwambia asimguse mzee yeyote hadi daktari athibitishe kwamba hana hatari.

Akarudi kwangu analia. "Mama, banasema niko kichaa. Batoto batakula nini?"

Safari hii tulikwenda wote. Daktari yule yule, kijana mpole, akawasha simu, ikatoka sauti ya mkalimani wa mara ya kwanza, mwanamume mwenye adabu zake.

"Samahani mama, daktari anauliza, zile sauti zinakuambia nini?"

Yule mama akanigeukia. "Sauti gani?"

"Jibu tu mama, usiogope," simu ikasema.

"Weye, nani alikuambia niko na sauti?"

Nikasimama. Kiingereza changu ni cha ghalani, lakini kinafika. Nikamwuliza daktari: "Huyu akisema anasikia njaa, utamwuliza njaa imemwambia nini?"

Hakuelewa. Nikamweleza pole pole kwamba kwetu neno ni moja, la sikio na la mwili. Anahisi vitu vinatembea. Hakuna mtu anayeongea humo ndani.

Mkalimani akasema kwenye simu, "Ni kweli, kuna watu husema hivyo."

"Na ulijua?"

"Mimi nilifasiri neno kama lilivyo, mama."

"Basi siku ukisikia baridi, tutakupa vidonge."

Daktari akaona aibu, nafikiri. Akasema turudi wiki ijayo atatuandikia karatasi nyingine. Nikakaa tena kwenye kiti, nikamwambia aandike sasa hivi. Akaandika: ni wasiwasi, hasikii sauti, anaweza kufanya kazi, vidonge vitapunguzwa kidogo kidogo. Nikamtaka aisome kwa sauti, nikalidaka kila neno. Kuhusu karatasi ya kwanza akasema haifutwi, mambo mapya yanaongezwa juu yake tu. Donc, basi, kila daktari atakayefungua faili ya huyu mama, hadi azeeke, atamkuta kichaa pale chini.

Tangu hapo, kabla mtu wetu hajaenda kwa daktari, namfanyisha mazoezi: sema "nahisi", usiseme "nasikia". Nalichukia somo hilo kuliko kazi zote nilizowahi kufanya. Mtu anatetemeka, hana usingizi, na kitu cha kwanza ninachompa ni namna ya kusema ili asidhaniwe kichaa. Mwenye kulipwa kwa kufasiri hajajifunza. Mgonjwa ndiye anajifunza.

Yule mama alirudi kazini Kenmore Jumatatu iliyofuata. Tulipokuwa tunatoka kwa daktari alimshukuru mara mbili, ameinamisha kichwa. Mimi nilifungua mlango nikatoka.