Kadi za Sinema kwenye Waya wa Nguo

Mwanangu, kuna siku moja ya Asembo Bay ambayo mpaka leo ikinijia kichwani nasimama, na nikisimama sijui niende wapi. Wewe unanijua nikiwa na malori manne na gereji Nyamasaria, jina langu mlangoni kwa rangi nyekundu. Yote nimeyapata kwa mikono hii, na shule yangu iliishia darasa la pili. Najisifu, ndiyo. Nani atanisifu vizuri kuliko mimi? Lakini leo nakupa ile siku ambayo sikuwa na la kujisifia.

Ilikuwa mwanzo wa miaka ya sabini. Nilikuwa kijana wa Kaloleni, Kisumu, suruali ya belbotomu pana chini, viatu vya soli nene, mdomo hautulii. Akaja mtu wa sinema kutoka Nairobi, Bwana Kamande, anatafuta mtu wa kumpangia kazi kule Asembo Bay, ziwani: watu, mitumbwi, chakula. Nikamwambia mtu huyo ndiye mimi. Akauliza kama nasoma Kiingereza. Nikasema, "Kama kunywa maji." Uongo mtupu.

Hadithi ya sinema yenyewe ilikuwa rahisi. Ndugu wawili wanagombania wavu, mmoja kwa hasira anachoma nyumba ya mama yao. Mama huyo aliigizwa na Mama Aduda, mzee mkausha samaki wa pale pale, ambaye hakuwa amewahi kupigwa hata picha. Watu wa kijiji walijenga nyumba ya nyasi ya kuchomwa. Moja tu. Na kamera ilikuwa ya kuazima, lazima irudi Nairobi na treni ya Jumamosi.

Bwana Kamande hakuwa na ofisi. Alifunga waya wa kuanikia nguo uani kwa Mama Aduda, akabana kadi kwa vibanio vya nguo. Kila kadi ni kipande kimoja cha sinema. Unaanza na ya mkono wa kushoto, unafuata mstari. Mvua ikinyesha, anahamisha kadi. Mwigizaji akiugua, anahamisha kadi. Hakuziandika namba, maana kila siku zilibadilika. Asubuhi kila mtu anapita kwenye waya na kazi inaenda, mwanangu, mpaka nikaona wivu. Waya na vibanio, kelele hakuna, na vinafanya kazi kunishinda mimi.

Jumatano Bwana Kamande akaenda Kisumu kupiga simu Nairobi, alale huko. "Angalia waya," akaniambia. "Usiguse kitu."

Mimi nikafua shati. Kesho yake alikuwa anafika mpiga kamera mgeni, nilitaka anikute nimeng'aa. Vibanio vyote viko kwenye kadi! Basi nikatoa vichache, nikabana kadi tatu tatu pamoja. Shati likapata nafasi, na belbotomu pia.

Upepo wa ziwa wa alasiri unaujua. Nilipotoka kuoga nikakuta kadi zimetapakaa uani, nyingine kuku anazidonoa. Niliziokota zote. Lakini ipi inatangulia? Mwandiko wa Bwana Kamande ulikuwa kama siafu waliomwagiwa maji moto. Nikazigeuza. Nikazunguka ule ua, nikakaa, nikasimama, nikazunguka tena. Mwalimu wa kijiji, ambaye angenisomea, aliishi mwendo wa dakika kumi tu kutoka pale. Sikwenda. Ningemwambia nini, kwamba mkubwa wa sinema hajui kusoma? Nikazibana kwa kubahatisha, nikahakikisha tu zimenyooka.

Alhamisi asubuhi Bwana Harish, mpiga kamera, akachukua kadi ya kwanza. "Hii inasema nyumba inaungua. Tuanze na moto? Una hakika?"

"Bwana, mpangaji ni mimi."

Mama Aduda alikuwa amekaa mlangoni mwa ile nyumba, ameshavaa nguo za kuigizia. "Na mimi je? Si nilikuwa nimkaribishe mkwe wangu hapa mlangoni kwanza?"

"Mama, haya ni mambo ya sinema. Ngoja uitwe."

"Haya, mkubwa," akasema, akajisogeza.

Nyasi zilikuwa kavu. Kabla chai yangu haijapoa, nyumba ilikuwa majivu na vijiti vyeusi.

Bwana Kamande alirudi saa nne. Akatazama majivu, akatazama waya. Vipande vitatu vya pale mlangoni vilikuwa bado havijapigwa.

"Nani aligusa kadi?"

"Upepo, Bwana."

Mama Aduda akacheka. "Huo upepo umevaa belbotomu?" Kisha akanigeukia, kicheko kimekwisha. "Kijana, mimi sijui kusoma. Kila mtu hapa anajua sijui, kwa hiyo wananisomea. Wewe nani atakusomea?"

Miguu ilitaka kukimbia hadi Kaloleni. Nikasema, mbele ya wote, "Sijui kusoma."

Wanaume walikataa kujenga tena. Mama Aduda akawaambia watajenga, ila nyasi za kwanza nitazileta mimi, kichwani. Nyasi kichwani, kazi ya wanawake! Kijiji kizima kilitoka kunitazama. Safari ya pili soli ya kiatu ikabanduka, nikaendelea peku. Nilipopumzika, Bwana Kamande akanipa kadi na kipande cha makaa. "Mimi nasoma, wewe chora," akasema. Nyuma ya kila kadi nikachora: mlango, mtumbwi, wavu, moto.

Mama Aduda akachukua moja. "Hii ni mimi? Mbona umenipa kichwa cha samaki, cha ngege?" Lakini alisimama mbele ya waya, kidole kikifuata kadi moja baada ya nyingine, akaisoma sinema yote mpaka mwisho. Halafu akamwambia Bwana Kamande kadi mbili zimekaa vibaya. Na alikuwa sawa.

Ijumaa mchana nyumba ilisimama. Jioni vipande vitatu vilikuwa vimepigwa, na Jumamosi kamera ikapanda treni. Sinema ilipoonyeshwa Kisumu watu walipiga makofi. Mimi nilikaa nikijikuna: Mama Aduda anamkaribisha mkwe kwenye nyumba ya nyasi mbichi, kisha inaungua nyumba ya nyasi kavu. Hakuna aliyegundua. Mimi bado naiona.

Sasa, mwanangu, kwenye gereji yangu kuna waya na vibanio. Kila lori lina kadi, kila kadi ina picha nyuma, na ole wake atakayeanika shati pale. Ninachotaka ushike ni hiki. Ukipewa kazi usiyoijua, sema asubuhi, kabla ya moto kuwashwa. Ukiambiwa usiguse, acha. Na mzee akikuuliza "na mimi je", simama umsikilize, hata kama kamera inangoja.

Mungu akupe watu wa kukusomea usiyoyajua, na akupe mdomo wa kuwaomba. Nyumba yako isimame mpaka wageni wako wote waingie.